Lesi ya Hina

Hina ikilowekwa kwa limau na chai ya rangi, harufu yake hunipandisha hasira kwanza, ndipo hunichekesha. Wiki iliyopita ilinijia nikiwa uwani nachambua mchele. Chumbani wasichana walikuwa wanamremba Rehema, mjukuu wa mama yangu mdogo Zuhura, ambaye alikuwa anaolewa siku ya pili yake. Mchele niliuweka pembeni. Nilikwisha kurudi Temeke, kwenye ua wa bibi yangu, nina miaka tisa na machozi yananichuruzika mpaka kidevuni. Kaeni niwaeleze, maana kisa hiki nimekisimulia vibaya maisha yangu yote, na nimejua hivyo wiki iliyopita tu.

Zama za Mwingereza Temeke yetu ilikuwa nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, na uwani kwetu kulikuwa na jamvi moja ambalo bibi hakulihama. Bibi Mwanahawa, mama wa mama yangu, alikuwa msuka ukili. Alisuka ule mkanda mrefu wa ukindu, akaushona kwa sindano kubwa mpaka ukawa mkeka, na mikeka yake ilijulikana Mtoni hadi Mbagala kwa kuwa haikulegea. Mimi alianza kunifundisha nikiwa na miaka mitano. Nikilegeza alinidonoa kidole na ncha ya sindano, kidogo tu, akasema kaza. Nikakua mtoto wa kukaza. Hata nywele za wenzangu nilizisuka mpaka macho yao yakapanda juu.

Nyumba ya pili alihamia Mama Eliya, mke wa karani mmoja wa serikali, mtu wa Upareni. Alikuwa mrefu, mpole, na Kiswahili chake kilitembea polepole, kama mtu anayepita kwenye matope na viatu vipya. Mchana, kazi zikiisha, alikaa barazani na kitu kidogo cha pembe, chenye ncha huku na huku na tumbo katikati, kilichozungushiwa uzi mweupe. Mimi nilikiita kokwa, kwa kuwa kilifanana na kokwa la embe. Kokwa lilipita chini ya uzi, likapita juu ya uzi, na kutoka vidoleni mwake vikaanguka vikuku vidogo vyeupe vimeshikana mikono. Alisema ni lesi, alifundishwa na masista wa misheni alipokuwa msichana. Sijawahi kutamani kitu vile. Nilimwamkia shikamoo mara nne kwa siku moja, mpaka akacheka akaniambia, "Mwanangu, kaa basi, nikufundishe."

Bibi alisikia habari hiyo akauliza ni kazi gani ya kukaa kutengeneza matundu. Matundu, alisema, tunayo ya kutosha kwenye paa.

Sasa nisikilizeni jinsi mdomo wangu ulivyoniponza. Mama mdogo Zuhura alikuwa amechumbiwa, na kwetu siku ya harusi wanawake wa pande zote mbili huingia kutazama kitanda cha maharusi. Hutazama kila kitu, lakini hasa foronya, maana hapo ndipo bibi harusi anapimwa kama ana mikono. Siku moja dada zake bwana harusi walikuja kutoka Mbagala kutusalimu. Mkubwa wao, Bi Sharifa, alieleza kwa urefu foronya za mke wa kaka yao mwingine, zilivyodariziwa maua na maneno ya mapenzi pembe zote nne. Mama mdogo aliinamisha kichwa. Alikuwa na roho nzuri kuliko mtu yeyote nyumbani kwetu, lakini sindano ilikuwa adui yake, na kila mtu alijua. Mimi sikuvumilia. Nikasema, "Foronya za mama mdogo zitatiwa lesi. Naitengeneza mimi."

Bi Sharifa alinitazama kuanzia miguuni. "Basi siku hiyo tutaitafuta," akasema.

Wakati huo sikuwa nimemaliza hata kikuku kimoja.

Taabu yenyewe ilikuwa hii. Katika lesi ile fundo hupigwa kwa uzi wa mkono wa kulia, lakini halitakiwi kukaa hapo. Mkono wa kulia unavuta, mkono wa kushoto unalegea, na fundo linaruka lenyewe kwenda kwenye uzi wa pili. Likiruka, liko hai. Mafundo yote huteleza, na mwishoni unavuta uzi, kikuku kinajifunga. Lisiporuka, limekufa papo hapo, na halifunguki hata kwa meno. Na mimi, niliyefundishwa kukaza tangu nina miaka mitano, nilikaza mikono yote miwili. Kila fundo langu lilikufa. Nilivuta, kikuku kikagoma, nikakata uzi nikaanza upya. Siku kumi nzima nilikuwa nakata tu. Kuku wetu walijenga viota kwa lesi yangu.

Mama Eliya hakuwahi kunifokea. Alinishika mkono wa kushoto akasema nilegeze, nijifanye nimeshika kifaranga. Nilijifanya. Kifaranga kile kama kingekuwa cha kweli tungekizika. Bibi, jamvini kwake upande wa pili wa ua, alikuwa akitutazama kupitia uwazi wa uzio huku akisuka bila kuangalia mikono yake, na kila nilipokata uzi aliguna.

Ushindi ulikuja kwa aibu. Siku moja mchana, baada ya kula wali wa nazi mpaka tumbo likauma, nilisinzia na kokwa mkononi. Mkono wa kushoto ukalegea wenyewe. Nikasikia uzi unaruka, kitu kidogo sana, kama mtu amenigusa kidole. Nilifumbua macho. Fundo lilikuwa limehama. Nikapiga lingine, likahama. Nikapiga ishirini, nikavuta, kikuku kikajifunga mviringo, na mimi nikatoka mbio mpaka barabarani na kurudi, bila sababu yoyote. Furaha ile sijaipata tena hata siku ya harusi yangu mwenyewe, na mume wangu nilimpenda.

Toka hapo nilitengeneza vikuku asubuhi kabla ya chuo cha Kurani na jioni baada ya chuo. Foronya mbili, kila mdomo wa foronya shubiri nne za mkono wangu, maana yake shubiri nane. Nilipima kila siku. Mbili, tatu, tano. Nikaanza kutembea kwa madaha, nikiwaambia wenzangu wasiniguse mikono.

Ndipo mambo mawili yakafuatana. Mama Eliya akaondoka na mumewe kwenda likizo Upareni, na kabla ya kuondoka akaniachia kokwa lake na uzi wote uliobaki. Kisha uzi ukaisha. Zile siku kumi za kukata zilikuwa zimekula uzi wa shubiri nzima, nami sikuwa nimefikiria. Lesi ilifika shubiri saba, ikasimama. Nilikwenda na mama mdogo mpaka duka la Mhindi Kariakoo, tukaambiwa uzi ule haupo mpaka mwezi ujao. Harusi ilikuwa imebakiza siku nne. Foronya yenye lesi robo tatu ya mdomo ingekuwa kicheko kikubwa kuliko foronya tupu, na kicheko chenyewe kingemwangukia mama mdogo, ambaye hakuniomba chochote.

Nilimwambia yeye peke yake, au ndivyo nilivyodhani. Alinikumbatia akasema haidhuru. Hilo ndilo lililoniliza. Nikaificha lesi pamoja na kokwa ndani ya kikapu nyuma ya mtungi, nikaapa kwamba sitaigusa tena.

Siku tatu nilikwenda chuoni na kurudi bila kukitazama kikapu. Siku ya tatu, mkesha wa harusi, niliingia uwani saa za alasiri nikakuta bibi amechutama mbele ya bakuli la hina. Ndani ya hina ilikuwamo lesi yangu. Yote.

"Mkono umeniteleza," bibi akasema. "Nilikuwa nahamisha bakuli, likamwagikia kikapu. Nikaona heri yote iwe rangi moja kuliko madoa."

Nililia kilio cha kufiwa. Nilisema maneno ambayo mjukuu hamwambii bibi yake, kwamba ni mzee asiyeona mbele na kwamba hakuipenda lesi yangu tangu mwanzo. Mama mdogo alitoka chumbani na hina mikononi kuja kunifumba mdomo kwa kiwiko. Bibi aliitoa lesi, akaisuuza, akaianika kivulini, na jioni akaishona mwenyewe kwenye foronya kwa sindano ya kawaida, mimi nikiwa nimempa mgongo.

Nilipogeuka, lesi ilikuwa imezunguka midomo ya foronya zote mbili. Imetimia. Ilikuwa na rangi ile ya kahawia inayoelekea wekundu, kama kiganja cha bibi harusi.

Nikauliza imetoshaje. Bibi alikata uzi kwa meno.

"Uzi ukiloa hina hurefuka, mke mwenza," akasema. Mke mwenza ndivyo alivyoniita kwa utani, kama mabibi wengi wa pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kike. "Hata ukindu tunauloweka ulainike, au umesahau?"

Nikaamini. Ukindu kweli tuliuloweka.

Kesho yake wanawake wa Mbagala waliingia chumbani wamejipanga. Bi Sharifa alikwenda moja kwa moja kwenye mito. Aliishika lesi, akaikunjua, akauliza ni rangi gani hii. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Bibi akamjibu taratibu kwamba ni lesi ya hina, ya bibi harusi, akauliza kwa upole kama huko Mbagala bado haijafika. Chumba kizima kikacheka, na Bi Sharifa, namshukuru, akacheka pia. Kabla ya kuondoka aliniita akanitazama tena kuanzia miguuni, safari hii akaishia usoni. Alitaka kujua kama ningeweza kumfundisha binti yake.

Mwezi ule uliofuata, wasichana wawili wa mtaa wetu waliolewa na lesi ya hina. Mama Eliya aliporudi na kuona lesi ya kahawia kila kitanda, alikaa chini kwanza.

Kisa cha bakuli nilikisimulia miaka yote, mbele ya wageni, bibi akiwepo. Nilimwiga anavyochutama na anavyosema mkono umeniteleza. Watu walivunjika mbavu, naye alicheka nao. Skuli nilibishana na mwalimu wa sayansikimu kwamba uzi hurefuka kwenye hina, nikasimamishwa pembeni, na sikukubali kushindwa.

Basi wiki iliyopita mama mdogo Zuhura, ambaye sasa ni bibi mwenyewe na haoni vizuri, alinikabidhi foronya moja kati ya zile mbili, itandikwe kitanda cha Rehema. Nilikuwa sijaishika tangu utoto. Imefuliwa mno, hina imefifia, karibu imekuwa nyeupe. Niliingia nayo chumbani kwa Rehema, nikaipeleka dirishani. Vikuku vyangu nilivitambua. Lakini mwishoni, karibu na mshono, kuna vikuku vya uzi mwingine, uzi mnene wa kushonea mifuko ya unga, umekuwa manjano. Nilivihesabu, ishirini na viwili. Mafundo yake yamekazwa yakafa, hakuna hata moja lililoruka, na kwa hiyo hakuna kikuku kilichojifunga. Kila kimoja kimefungwa chini kwa sindano, kwa mshono ule ule bibi aliotumia kuunganisha ukili.

Nilikaa kitandani. Siku tatu zile nikiwa chuoni, bibi alikuwa na kokwa. Alikuwa amejifunza kwa kututazama, huku akiguna, na mikono yake ikamshinda pale pale iliponishinda mimi. Na uzi wa unga ungeonekana kwenye lesi nyeupe. Mwanamke aliyebeba mtungi kichwani toka kisimani bila kumwaga tone, mkono haukumteleza hata kidogo. Alichagua niwe na lesi yangu mwenyewe, na yeye awe mzee asiyeona mbele. Niliona haya, na nikafurahi mpaka nikaona haya ya kufurahi.

Bakuli la hina lilikuwa mezani, limebaki nusu. Niliukunja mdomo wa foronya, nikauzamisha.

Rehema alipiga kelele kutoka kwenye mkeka. "Bibi, umefanya nini?"

"Mkono umeniteleza, mke mwenza," nikamwambia.