Kutu ya Mfamasia

Mfamasia mstaafu huitibu kutu ya gari lake kwa utaratibu ule ule wa dukani: hunawa, huvaa miwani, kisha hukwangua kwa mswaki mkuukuu na kupanga skrubu kwenye vichupa vya vidonge, kila kichupa na lebo yake. Hakuna kitu anachokiacha kibichi. Hata spana huzifuta kwa kitambaa kikavu, moja moja, kama vijiko vya wageni. Gari lina umri wa ndoa yake, na kwa miaka tisa limekaa uani juu ya matofali. Mkewe akiuliza watakwenda nalo lini kwa dada yake, kama alivyoahidiwa, hujibiwa kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo ya dawa: "Bado kidogo, mama watoto." Mwezi huu magurudumu yamefungwa, injini imewaka na breki zinashika.

Jana asubuhi, kupitia dirisha la jikoni, mkewe alimwona akichovya tambara kwenye ndoo ya maji na kulitandaza juu ya boneti, mahali palipochubuka rangi, akilinyoosha pembe zote nne. Hakulikamua. Mama alizima jiko, akavaa viatu vya kutokea, akaketi kiti cha mbele, mkoba mapajani.

"Shuka kwanza, hapa kuna kutu inaanza."

"Nimekuona ukiipanda, baba. Mimi nashukia kwa dada."

Mfamasia aliliondoa tambara, akafuta boneti kwa kitambaa kikavu, mara mbili, kisha akaanza kutafuta ufunguo kwenye vichupa, lebo baada ya lebo. Mkewe alikuwa nao mkononi.