Udongo Ulioshuka kwa Mama Anjela

Nakumbuka ile mvua ya kwanza baada ya kuolewa kwangu hapa Sigino, mwanangu, na mpaka leo ikinijia nacheka peke yangu. Baba mkwe alikuwa ametupa shamba la mteremkoni, chini ya msitu mdogo wa kilimani. Alisema wazi kwamba likitushinda mwaka ule, atampa shemeji. Hatukuwa na lingine.

Baba yako, kijana wa kupenda sifa, akalima na maksai kutoka juu hadi chini, mistari imenyooka, ili wapita njia wamsifu. Hata vichaka vya juu akavifyeka, maksai wapate pa kugeuzia. Nami nilijivunia mume, nisikudanganye.

Mvua ikanyesha mchana mmoja tu. Udongo wetu mweusi ukashuka na mbegu zake zote za mahindi hadi kwa jirani wa chini, Mama Anjela. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Baba yako alidhani udongo unazoleka. Asubuhi akaenda na toroli!

"Shikamoo, Mama Anjela. Nimefuata udongo wangu."

"Marahaba, baba. Mimi sikuuita, umekuja wenyewe. Haya, chota." Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamtazama. "Wewe ndiye uliyeuchongea njia. Ukimfungulia ng'ombe zizi, utamlaumu akitoka?"

Hakuishia kukemea. Aling'oa mashina ya majani ya tembo mpakani kwake, akapanda nasi kilimani, tukachimba makinga maji ya kukata mteremko na kupanda majani yale kingoni. Vichaka tukaviacha viote tena. Mahindi yalishapotea, tukapanda mbaazi. Kila wingu lilipotanda, nilikimbilia shambani kutazama makinga yale.

Mbaazi zikakubali. Baba mkwe akaja, akatafuna mbichi chache, akasema, "Limeni." Shamba likawa letu, na ndilo lililokulea wewe.

Sasa nasikia unataka kukodi trekta lipande na kushuka, na miti ya juu uikate. Usipoziba ufa utajenga ukuta, mwanangu. Lima kwa kukata mteremko. Miti iache, ndiyo inayotuliza maji kabla hayajafika kwako. Na jirani wa chini msalimie hata siku ambayo huna shida naye.

Mungu akujalie mvua ya kiasi, na udongo wako ulale nyumbani.