Nusu ya Mgonjwa

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Mzee Ganzi anashusha mkono wa shati lake mpaka unafunika vidole, kisha anaukunja taratibu.

"Umeona? Mkono ni ule ule. Kilichopungua ni kitambaa cha mbele tu."

Mbele yake ameketi mwoka mikate wa miaka arobaini na minne, miguu haitulii. Amekuja kutahiriwa kwa sababu govi limembana, na kila akimkaribia mkewe anaumia.

Tabibu huyu ametahiri watu wazima zaidi ya elfu mbili katika chumba hiki chenye kitanda kimoja na pazia la bluu. Jina la utani amelipata kwa ubishi wake: akishachoma sindano ya ganzi, hashiki kisu mpaka aminye mara tatu na kuuliza, "Hapa je?"

"Nitabaki mwanaume, daktari?"

"Mia kwa mia, bwana! Kichwa kitakosa kifuniko, kwa hiyo siku za mwanzo hata chupi itakukera. Baadaye kinazoea, ngozi yake inakauka kidogo. Kovu litabaki. Raha nayo ipo. Wachache huona imebadilika, wengi hawaoni tofauti. Ila wiki sita usimguse mama, nyuzi zisije zikaachia."

Hizo wiki sita zimewahi kumtoa Mzee Ganzi machozi. Zamani aliwaeleza wanaume peke yao. Fundi mwashi mmoja akarudi nyumbani, akatandika mkeka sebuleni, akalala huko bila kumweleza mkewe, kwa aibu. Wiki ya nne mkewe akafungasha virago, akiamini mume ana mwingine nje.

"Kidonda kilipona vizuri, ndoa ikafa," anasema Mzee Ganzi. "Kosa langu. Nilitibu nusu ya mgonjwa."

Ndiyo maana sasa anauliza, "Mama anajua?"

Mwoka mikate anainamisha kichwa. Mwaka mzima amekuwa akiwahi tanuri kabla mkewe hajaamka.

"Ataniona mbovu."

"Na sasa anakuonaje?"

"Anadhani nimemchoka."

"Basi mpigie, ndugu yangu. Mimi nasubiri."

Baada ya nusu saa mkewe anaingia akihema, aproni ya kazini bado kiunoni. Mzee Ganzi anaeleza yote upya, pamoja na ule mfano wa mkono wa shati. Mama anasikiliza mpaka mwisho, kisha anampiga mumewe kofi dogo begani, machozi yakimtoka.

"Mwaka mzima, baba watoto! Na mimi nashona nguo mpya, nikidhani nimechuja!"

"Nisamehe, mke wangu. Niliona haya."

"Haya ya nini kwangu? Wiki sita tutazimaliza. Nilikuwa nasubiri bila kujua ninasubiri nini."

Mzee Ganzi anageukia dirisha, anajifanya anatafuta miwani.

Amebakiza miaka minne astaafu, na ana ombi moja kwa wakubwa zake: chumba kiwe na viti viwili vya wageni. "Anayekuja peke yake akiona kiti kitupu," anasema, "atajua kuna mtu hajamwambia."

Kwa leo anampa mama kiti chake mwenyewe, kisha anakwenda kunawa mikono.