Rupia Isiyo Rupia

Jembe lilikwaruza kitu nilipokuwa napalilia migomba karibu na kaburi la mume wangu. Kwetu Bugene mtu anazikwa kwenye kibanja chake, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba aliyoilima. Nikaokota kisahani chembamba cha fedha, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kimetobolewa tundu na uzi wa bluu bado umo. Nikampigia kelele mama mkwe, aliyekuwa mlangoni anamenya ndizi: "Mama, rupia!"

Maawe, mdomo wangu huu! Ningesema bati, ningesema kifungo. Huku ukitaja rupia, ile sarafu ya ukoloni, watu wanajua Mjerumani alifukia sanduku zima chini ya miguu yako. Na bodaboda mmoja alikuwa anapita, akapunguza mwendo. Kesho yake wakaja wanaume wawili kutoka upande wa Kimuli, wakaniamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha wakaomba niwauzie kipande cha kibanja. Kipande kipi? Kile chenye kaburi. Nikakataa. Wakasema hamna neno, watarudi na mashine ya kupimia mali iliyofukiwa.

Nilikimbilia Kayanga kwa sonara, mzee ambaye wazazi wake walitoka Tanga. Nilitaka aseme kwa kinywa chake kwamba si rupia, nipate cha kuwajibu wale watu.

"Rupia ni nene, duara kamili, kazi ya mashine," alisema akiigeuza kidoleni. "Hii imegongwa kwa nyundo. Tazama ukingo, kama chapati ya anayejifunza."

Nikataka kuisugua kwa kanga, akaivuta upesi. "Acha, mama! Utafuta na kidogo kilichobaki."

Akailaza mlangoni ili mwanga uipate kwa ubavu. Uso wenye taji ukajitokeza, pua imelika kabisa. Nyuma kulikuwa na msalaba mrefu unaofika ukingoni, na vidoti vitatu vitatu katikati ya mikono yake. Herufi zilizosomeka ni D, O, N tu. Akaipiga picha, simu ikaleta picha za sarafu ndugu zake.

"London," akasema. "Senti ya fedha ya Waingereza, kama miaka mia saba iliyopita. Sasa imefikaje kwenye migomba yako?"

Nikautazama ule uzi wa bluu, nikaujua. Mume wangu alinunua koti la mtumba mnadani, na ndani ya bitana kulikuwa na kitu kimeshonewa kwa uzi huo. Yeye alidhani ni kifungo cha akiba. Alilivaa akipalilia siku za mvua, kumbe ndipo kilipodondoka. Jamani, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Hakuna sanduku, hakuna Mjerumani!

Waliporudi, mashine begani, niliwasimulia yote mbiombio hata kabla hawajaniamkia. Nilitaka waelewe tu waende zao. "Imetoka kwenye koti, baba zangu! Koti la mtumba tu, la kutoka Ulaya!"

Wakatazamana. Mmoja akaniuliza kwa upole, "Na vingine vilivyoshonewa humo? Koti lenyewe liko wapi, mama?"

"Nilimzika nalo," nikasema.

Wote wawili waligeuka wakatazama kaburi.