Tumbo Lililofagiwa kwa Ajili ya Wageni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja upande wa Kidatu, Muuguzi Mkuu alinikuta namuuliza mzee mkata miwa kama amepata choo. Akanivuta pembeni.

"Binti, umeshamuuliza watu wa nyumbani kwake hawajambo?"

Nikasema bado.

"Sasa unaanzaje na choo?"

Sikujua kwamba choo cha watu ndicho kingekuja kuwa kazi yangu ya mwisho, na kwamba maneno yale ningeyahitaji hadi nastaafu.

Baada ya Kidatu nilihamishiwa Ifakara, wodi ya wanawake, wakati dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwa hazijatufikia. Miaka hiyo sipendi kuisimulia. Tuliwaosha watu, tukawashika mikono, tukawasindikiza makaburini. Dawa zilipokuja nikapelekwa kliniki ya tiba na matunzo, na huko nikaona jambo ambalo ninyi mnaoanza kazi leo mnaliona la kawaida: watu wakinenepa. Mtu aliyeletwa amebebwa mgongoni anarudi baada ya miezi kadhaa analalamika gauni linambana. Niliwapenda sana kwa kunenepa kwao.

Kisha tukaanza kuona kitu kingine. Mtu anameza dawa vizuri, kipimo kinasema virusi havionekani kwenye damu, lakini anafika dirisha la dawa anahema. Mwingine presha iko juu, mwingine amepooza upande mmoja. Ndipo ukaja utafiti wa bakteria wa utumbo, na mimi nikapewa kazi ya kukusanya sampuli za choo.

Mratibu wa utafiti, daktari kijana asiyejua kupandisha sauti, alitueleza hivi. Tumboni mwa kila mtu wanaishi bakteria wengi, na wengi wao ni wema. Virusi vikiingia mwilini hushambulia mapema ukuta wa utumbo. Dawa huvilaza virusi, lakini ukuta haurudi wote kama zamani. Mabaki ya bakteria hupenya kwenda kwenye damu, kinga ya mwili inabaki imewashwa kidogo kidogo kwa miaka, na wataalamu wanadhani kuwashwa huko kunachosha mishipa na moyo.

"Wanadhani?" nikamuuliza.

"Ndiyo maana tunahitaji makopo, mama."

Kopo lenyewe ni dogo, lina kijiko kilichoshikamana na kifuniko. Niliwagawia washiriki, nikawaelekeza, wakacheka, wakaona haya, wakachukua. Mmoja wao alikuwa Mama Tekla, mkaanga samaki wa Kivukoni, hapo hapo Ifakara. Alikuwa amenizidi umri kidogo, kwa hiyo shikamoo niliitoa mimi, naye aliipokea kama mtu anayelipwa haki yake. Nilimfahamu tangu wodini. Alikuwa mmoja wa wachache waliosubiri dawa na zikamkuta hai.

Asubuhi ya kuleta sampuli alifika kwa bajaji, kitenge kipya kiunoni, midomo imekauka. Akanikabidhi kopo. Ndani yalikuwamo maji matupu. Kabla sijauliza kitu akaserereka kutoka kwenye benchi.

Tulimtundikia dripu. Alipoweza kusema nikamuuliza amekula nini.

"Sijala. Nilikunywa ile mizizi ya kusafisha tumbo, jana kutwa."

"Kwa nini, mama?"

Alinitazama kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Nesi, madaktari wanakuja kuangalia tumboni mwangu. Wageni wakija kwako, wewe hufagii?"

Nilicheka mpaka nikatoka nje, na huko nje nikalia kidogo. Mizizi ile ilikuwa imewafukuza wenyeji wote tuliotaka kuwaona, na nusura iondoke naye. Lakini kwa sababu ya kuanguka kule, daktari wa zamu alimsikiliza moyo. Mapigo yalikuwa yanaruka. Maji yalipomrudia mwilini presha ikapanda hadi daktari akaipima upya, na picha ya moyo ikaonyesha umetanuka.

"Aanze dawa ya presha leo, kila siku, bila kukosa," daktari akaniambia. "Bila hivyo hatutakuwa naye muda mrefu."

Mama Tekla akakataa. Alikunja mikono kifuani. "Kidonge kimoja nimekubali. Mkiniongezea cha pili, maana yake cha kwanza kimeshindwa. Semeni tu."

Akaondoka. Dawa zikabaki mezani.

Sikulala vizuri wiki ile. Nilikuwa nimeshasubiri mara moja mama huyu asife, nikaona sina nguvu ya kuanza tena. Nikaenda Kivukoni bila sare, maana sare ya nesi mbele ya karai la samaki inawaambia majirani mambo yasiyowahusu. Nikanunua perege, nikamuuliza Tekla na watoto wake hawajambo, nikangoja wateja wapungue.

"Cha kwanza hakijashindwa," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Virusi vimelala fofofo. Lakini vilipokuwa macho vilibomoa ukuta wa utumbo wako. Mafuriko yakibomoa ukingo wa jaruba la mpunga, maji yakishuka ukingo unajijenga?"

"Haujijengi."

"Basi ndivyo tumbo lako lilivyo, na moyo umebeba mzigo miaka yote hii. Kidonge cha pili ni cha kuupunguzia."

Akageuza samaki. "Na cha kujenga ukingo?"

"Hakipo bado. Ndicho wanachokitafuta kwenye kopo lako."

Akangoja samaki waive upande wa pili. Kisha akafuta mkono, akaunyoosha. "Lete hizo dawa. Na kopo jingine. Safari hii sifagii."

Nilikuwa navyo vyote kwenye mkoba.

Niliagwa kazini kabla majibu hayajakamilika. Mratibu aliwaita washiriki, akawaambia bila kupamba maneno kwamba wanaendelea kuchunguza ni bakteria gani wanaodhuru na nini kifanyike, na inaweza kuchukua miaka. Mama Tekla alinigeukia. "Yaani wewe unastaafu hata hawajajua?" Nimefanya kazi maisha yangu yote, na swali kubwa kuliko yote nimewaachia ninyi. Linaniuma, siwafichi.

Siku hizi naishi Lipangalala, na napenda kwenda Kivukoni kununua samaki ambao daktari wangu anasema wana chumvi nyingi. Mama Tekla ananifungia wangu wasio na chumvi, nami napima mapigo yake mkononi huku tukijifanya tunasalimiana. Kila mara ananiuliza jambo lile lile.

"Wameshajua?"

"Bado, mama."

"Haya," anasema, akigeuza samaki. "Itabidi tuishi mpaka wajue."