Maharage ya Kuhesabia

Kabla sijapewa darasa la kwanza katika shule moja ya mbao juu ya kilima, karibu na Bihambwe, sikuwahi kupanda hata punje moja ya haragwe. Nililelewa Goma, ambako maharage hutoka sokoni ndani ya beseni na kuingia moja kwa moja kwenye sufuria. Nasema hivi mapema ili ijulikane mjinga alikuwa nani, maana kwa muda fulani nilidhani ni watoto.

Walikuwa arobaini na wawili. Asubuhi tulisoma kwa Kiswahili. Baada ya mapumziko, Kifaransa cha mdomo tu, bila kuandika. Nyumbani wengi walizungumza Kihunde, wengine Kinyarwanda, kwa hiyo hata Kiswahili kwao kilikuwa kama kiatu cha shule: wanakivaa wakija, wanakivua wakirudi. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, nina moto, na sauti yangu ilisikika hadi barabarani. Directeur, mkuu wetu wa shule, alinishauri nipunguze kidogo. Sikupunguza.

Somo la Septemba lilikuwa misimu. Kitabu pekee cha Kifaransa nilichokikuta kabatini kilikuwa cha zamani sana, nacho kilitaja misimu minne. Katika picha ya mwisho kulikuwa na mtoto mwenye makoti mawili akicheza juu ya kitu cheupe. Niliwauliza ni nini kile. Wakasema ni mvua ya mawe, na wakamhurumia yule mtoto, kwa sababu bila shaka shamba la kwao lilikuwa limekwisha. Nilicheka hadi nikashika mlango. Kisha nikakifunga kile kitabu, nikachukua chaki, nikawauliza wao mwaka unakwendaje. Darasa zima likalipuka! Kulima, kupanda, kupalilia, kusimika miti ili maharage yapande, kuvuna, halafu tena kulima, hadi lije jua la mwezi wa sita. Nilichora duara ubaoni, kila kazi mahali pake, na wao wakinisahihisha kutoka kila benchi. Sijawahi kufundisha somo tamu kama lile, na ukweli ni kwamba sikulifundisha mimi.

Kwa hesabu hatukuwa na vifaa. Nikawaambia kesho yake kila mmoja alete maharage kumi ya kuhesabia, na mdomo wangu, ambao haujui kunyamaza panapostahili, ukaongeza: "Mulete ya muzuri. Ya muzuri kabisa." Nilitaka tu wasiniletee yaliyotobolewa na wadudu.

Kulikuwa na msichana mmoja wa benchi la mbele, karibu na dirisha, aliyeishi na nyanya yake. Wenzake walileta punje kumi mikononi, nyekundu, nyeusi, za manjano. Yeye alileta kitambaa chenye fundo gumu hata ikabidi nilifungue kwa meno. Ndani hamkuwa na kumi bali konzi nzima, punje nene za rangi ya maziwa, kila moja na doa la zambarau pembeni. Darasa lote lilisimama kuyaona. Nami nikamsifu mbele ya wote, nikaamuru apigiwe makofi. Hadi leo nikikumbuka yale makofi, uso wangu unawaka.

Tulihesabu un, deux, trois hadi dix, kisha nikamwaga yote katika beseni moja ili tupange mafungu. Tukiwa katikati ya kupanga, mvua ya kwanza ikaja. Juu ya bati lile hakuna mwalimu anayeshindana na mvua. Unakaa tu na kungoja. Ilipokatika, harufu ya udongo ikaingia darasani na watoto wakawa hawakaliki. Nami sikukalika. Nyuma ya darasa kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho wazazi walikuwa wamekilima kwa salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, na hakuna aliyekuwa amekitumia bado. Nikasema: twende tukapande!

Nilianza mimi, kwa heshima ya cheo changu. Nilichimba shimo refu kama la nguzo, nikatumbukiza punje moja. Walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye matope. Mtoto mmoja alinipokonya jembe kwa adabu, akanionyesha: shimo dogo, punje tatu, unafunika, unakandamiza kidogo kwa mguu, unasonga mbele. Yule msichana wa benchi la mbele ndiye aliyepanda shimo la kwanza la kweli, akitabasamu, miguu yote imejaa udongo. Kufikia saa ya kurudi nyumbani, beseni lilikuwa tupu.

Asubuhi iliyofuata nyanya yake alikuja. Hakuingia, alisimama mlangoni akanisalimu vizuri, akaniuliza habari ya usiku, kisha akauliza kitambaa chake kiko wapi. Nilikitoa kwenye meza. Alikikunjua, akakigeuza upande wa pili, akaniangalia.

Yale yalikuwa mbegu. Alinieleza pole pole, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kihunde, na watoto wakanisaidia alipokwama. Yalitoka shamba la mama yake, kijiji ambacho hajakikanyaga tena tangu walipokimbia vita. Walipofika hadi Shasha, ziwani, walikaa misimu miwili chini ya turubai. Huko waliuza sufuria, wakala karibu kila kitu, lakini kile kitambaa hakikuguswa. Aliporudi vilimani alipanda nusu, na mvua ya mawe ikaimaliza. Konzi ile ndiyo iliyobaki, na alikuwa anangoja mvua ya kwanza aipande wiki hiyo hiyo. Hakuwa amempa mjukuu wake ruhusa. Mtoto alisikia mwalimu amesema ya muzuri kabisa, na katika nyumba yao hakukuwa na kitu kizuri kuliko kile.

Niliona aibu ambayo sina kipimo chake. Nilisema nitamletea maharage mengine kutoka Goma, beseni zima. Alitabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto. Basi nikachukua jembe, nikasema nitayafukua yote sasa hivi, punje moja moja. Hapo akanishika mkono.

"Hapana, Madamu. Mbegu yenye imeshalala mu udongo habaiamushake. Tutangoya."

Kisha akasema jambo ambalo lilibadilisha mwaka wangu. Ikiwa shamba lake sasa liko shuleni, na yeye atakuwa anakuja shuleni. Na alikuja, kila Jumatatu na kila Alhamisi, akakaa mwisho wa benchi la mbele karibu na mjukuu wake, ambaye tangu siku ile alikuwa haongei wala hanyooshi kidole.

Kama nilidhani nimemwonea huruma mwanamke yule, alinitoa haraka katika wazo hilo. Alikuwa mkali! Alikagua mistari yetu, akang'oa magugu ambayo mimi nilikuwa nimeyamwagilia maji. Siku ya saba vichwa vikatokeza ardhini na darasa likapiga kelele hata Directeur akaja mbio akidhani kuna nyoka. Watoto watatu walifukua mashina yao ili waone kama ni ya nyanya au si yake. Akawapanga mbele ya shamba na kuwauliza kama wao pia walitolewa tumboni kila asubuhi kuangaliwa. Alituambia hakuna atakayeyajua mapema, kwa sababu majani yanafanana. Yatajulikana yakitoa maua: ya wengine yote zambarau, yake meupe.

Basi tukangoja maua. Oktoba kila mtoto alileta mti mrefu kumshinda, na tukasimika miti ile tukiita kwa lugha mbili, shina, jani, mzizi, la tige, la feuille, la racine. Nyanya alijifunza naye. Neno alilolipenda ni la pluie, mvua. Alikuwa akifika mlangoni, anaangalia wingu, analitamka kama anamwita jirani. Kila siku tuliandika katika duara letu kilichotokea. Nilikuwa naamka nikiwa na furaha kama ya sikukuu, kwa ajili ya maharage, mimi binti wa Goma.

Novemba mambo yakaharibika upande wa pili wa kilima. Watu wakashuka na magodoro kuelekea Sake, shule ikafungwa, nami nikarudi kwetu. Wiki tatu nilikuwa nikila maharage ya mama yangu bila kuyasikia ladha. Njia ilipofunguka, nilipanda na pikipiki ya kwanza iliyokubali.

Walirudi watoto thelathini na sita. Sita hatukuwaona tena mwaka ule. Tulisikia wengine wako huku, wengine kule. Nyanya alikuwepo, na mjukuu wake, wamerudi siku moja kabla yangu lakini hawajaenda nyuma ya darasa. Alisema alikuwa ananingoja. Kabla hata ya kupandisha bendera tulikwenda wote, tukikimbia, mimi na viatu mkononi.

Mbuzi walikuwa wamepita. Nusu ya miti ilikwishachukuliwa kuwa kuni, na upande wa chini lilibaki tope tu. Ndipo yule msichana, ambaye nilikuwa sijasikia sauti yake tangu Septemba, akasema kwa nguvu, kwa Kifaransa: "Blanche!" Nyeupe!

Alikuwa ananyoosha kidole kwenye kona ya juu, karibu na ukuta, pale tulipoanzia. Ni shimo lake mwenyewe, lile la kwanza. Mashina matatu yalikuwa yamepanda mti mmoja hadi juu kabisa, yamejaa maua meupe. Nyanya alikaa chini palepale kwenye umande, akafunika uso kwa mikono yake, na mabega yake yakawa yanacheka au yanalia, nadhani yote mawili. Mimi nililia waziwazi. Watoto waliruka wakiimba blanche, blanche, mpaka Directeur akaacha bendera nusu mlingoti akaja naye kuangalia.

Tangu siku ile mti ule ulilindwa kama mtoto mchanga. Wazazi walijenga uzio wa mianzi. Januari maganda yakakauka, na nyanya akayapasua mbele ya darasa, juu ya meza yangu, ndani ya beseni lilelile. Kwao mbegu haihesabiwi, inapimwa kwa konzi, lakini watoto walimwomba sana, akakubali kwa siku moja hiyo. Tulihesabu kwa Kifaransa hadi vingt, ishirini, Kifaransa chetu kikaishia hapo, tukaendelea kwa Kiswahili hadi tukapita mia na hamsini.

Nilidhani atayafunga na kuondoka nayo. Badala yake aliwaambia watoto watoke mmoja mmoja, kila mmoja na pembe ya nguo yake, shati au sketi, chochote. Akaweka punje tatu katika kila pembe na kupiga fundo mwenyewe. Mimi nilikuwa wa mwisho baada yao, na pembe ya kitenge changu.

"Mbele ilikuwa mu nguo moja," akasema. "Nguo moja ikipotea, njo mwisho. Sasa iko mu nguo mingi. Siku tutakimbia tena, hatuwezi kupotea wote."

Alikuwa amewafungia watoto thelathini na watano. Mjukuu wake alikuwa bado kwenye benchi, anaangalia miguu yake. Nyanya alichukua kile kitambaa cha zamani, akakijaza yote yaliyobaki, akapiga fundo, akamwekea mapajani.

"Hii yenye kubakia ni ya mwizi wangu," akasema, na darasa zima likacheka, naye mtoto akacheka.

Siku iliyofuata tulirudia hesabu. Niliwaagiza kila mmoja alete vijiti kumi vya kuhesabia. Kidole cha yule msichana kikanyooka kwenye benchi la mbele, karibu na dirisha.

"Madamu, ya muzuri?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Yenye utaokota njiani tu."