Nguzo Iliyodanganya: Fundi wa Chati na Zahanati ya Dada Yake

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, kabla chai haijafika na kabla mashine kubwa ya chini haijaanza kunguruma, mwanamume wa miaka hamsini na mmoja ameinamia karatasi mezani. Rula iko mkononi na miwani imeteremka hadi nchani mwa pua. Anapima nguzo ya rangi ya bluu. Anaandika namba kwa penseli pembeni, anaifuta, anapima tena.

"Tisini na mbili," anasema, bila kumwambia mtu yeyote.

Nguzo hiyo ina urefu wa milimita tisini na mbili, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kila milimita mbili ni mama mmoja aliyekwenda kujifungua. Akina mama arobaini na sita kwa mwezi, mkunga mmoja.

Hapa ni ghorofa ya pili ya kiwanda cha uchapaji, katika chumba chenye meza nne, kompyuta nne na dirisha moja lililogoma kufunguka tangu lilipopakwa rangi. Wenzake wanamwita Milimita. Jina hilo alipewa mwaka huu, na bado hajajua kama ni la sifa au la kejeli.

Kazi yake ni kuchukua chati kutoka kwenye lahajedwali za wateja, yaani majedwali ya namba ya kwenye kompyuta, na kuzihamishia kwenye programu ya kupangia kurasa, ili zichapwe katika ripoti na vitabu zikiwa zimekaa sawa na zinasomeka.

"Watu wanadhani ni kunakili na kubandika," anasema. "Ingekuwa hivyo, saa nne ningekuwa nimeshamaliza, nipo nyumbani nimenyoosha miguu."

Chati ikitolewa kwenye lahajedwali huja na vituko vyake. Herufi zinavimba. Rangi mbili zilizokuwa mbali zinaanza kufanana. Maneno ya chini yanakatwa katikati. Ukiivuta pembeni kidogo tu ili itoshe nafasi yake, duara linageuka yai.

Kuna njia mbili za kuihamisha. Ya kwanza ni kuiunganisha na jedwali lake, ili namba zikibadilika nayo ibadilike. Ya pili ni kuibandika kama picha. Iliyounganishwa ni sumbufu, kila faili likifunguliwa inaruka huku na huku. Picha haina neno, inakaa ulivyoiweka. Ila namba zikibadilika, yenyewe haina habari.

Kwa miaka kumi na saba Milimita alibandika picha.

Aliingia kiwandani akiwa kijana, kama mkata karatasi. Baadaye akawekwa kumsaidia mchoraji aliyechora chati kwa kalamu ya wino na rula ya chuma, nguzo moja baada ya nyingine. Kompyuta zilipokuja, mchoraji alistaafu, na yeye akapelekwa kozi ya wiki mbili. Analipwa kwa ukurasa. Zamani alimaliza kurasa kumi na nne kwa siku. Sasa anamaliza tisa, kwa sababu kila chati anaichapa kwenye karatasi na kuipima kwa mkono. Mapato yake yamepungua kwa zaidi ya theluthi.

"Mke wangu ananiuliza kama hizo milimita tutazipika," anasema, na kucheka peke yake. "Lakini yeye ndiye wa kwanza kuniambia nisiache kupima."

Sababu ya kupima ni ripoti ya mwaka jana.

Kila mwaka idara ya afya huleta kiwandani ripoti ya zahanati kumi na mbili. Ndani yake kuna ukurasa mmoja ambao kamati ya kupanga wakunga huusubiri kuliko kurasa nyingine zote. Upande wa kushoto kuna jedwali, upande wa kulia chati ya nguzo kumi na mbili. Nguzo ndefu ni zahanati ambayo mkunga mmoja anahudumia akina mama wengi. Wakunga wapya wakipatikana, wanapelekwa kwenye nguzo ndefu.

Mwaka jana namba zilichelewa kufika. Milimita alitaka kuona ukurasa utakavyokaa, kwa hiyo akafanya kama alivyozoea. Akaandika namba za kubuni kwenye lahajedwali: zahanati namba moja akaipa tano, namba mbili kumi, namba tatu kumi na tano, hivyo hivyo hadi namba kumi na mbili iliyopata sitini. Chati ikatoka kama ngazi. Akaibandika ukurasani kama picha, akaisogeza, akaridhika.

Siku nne baadaye namba za kweli zikaja. Akaziingiza kwenye jedwali, akasahihisha maneno, akabadilisha tarehe. Chati hakuigusa.

"Nilikuwa naiona kila siku," anasema. "Macho yameizoea. Ilikuwa imekaa vizuri mno, basi nikaona iko tayari."

Namba ya kweli ya zahanati namba moja ilikuwa arobaini na moja. Jedwali lilisema arobaini na moja. Chati, sentimita mbili tu pembeni yake, ilisema tano.

Ukurasa huo ulipita mikononi mwa watu watano. Msoma prufu wa kiwanda, mkaguzi wa kurasa kabla hazijachapwa, mama mwenye miaka thelathini kazini na ambaye hajawahi kupitwa na koma, anakiri kwamba hata yeye aliupitisha.

"Mimi nasoma maneno, baba," anasema. "Nguzo nilikuwa naziangalia tu kama zimenyooka. Ile ngazi ilikuwa imenyooka, nikaweka saini yangu."

Zilichapwa nakala elfu tatu. Kamati ilikaa, ikafungua ukurasa, ikatazama picha. Wakunga wapya wanne wakapelekwa namba tisa, kumi, kumi na moja na kumi na mbili. Namba kumi na mbili, kwa hesabu za kweli, ilikuwa na akina mama tisa kwa mwezi. Namba moja haikupata mtu.

Mkunga wa zahanati namba moja ni mdogo wake Milimita, mtoto wa mwisho wa mama yao.

Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya juu na mzaha usiokauka, aliyesomeshwa kwa sehemu kubwa na mshahara wa kaka yake. Kwa miaka yote hiyo amekuwa akila kwake chakula cha mchana kila Jumapili, labda awe na mzazi wodini. Mwaka jana Jumapili alizofika zilihesabika. Siku alizofika, alilala kwenye kiti kabla sahani hazijaondolewa.

Milimita aligundua kosa miezi minne baada ya ripoti kutoka. Alifungua faili la zamani ili alitumie kuandalia kazi nyingine. Akakaa akitazama ile ngazi. Halafu akatazama jedwali.

"Nilijaribu kujidanganya," anasema. "Nikajiambia kwamba hili ni faili la majaribio, kilichochapwa ni kingine. Nikashuka stoo, nikafungua kitabu chenyewe. Ni ileile."

Alipanda moja kwa moja hadi kwa meneja na kumweleza. Jioni ileile wakachapa karatasi ya masahihisho. Nakala mia sita zilikuwa bado stoo, wakaichomeka humo. Nyingine walizifuatilia kwa barua. Jibu la idara lilikuja baada ya wiki tatu: wameona, wanashukuru, lakini wakunga wamesharipoti vituoni na hawawezi kuhamishwa. Namba moja isubiri mwaka unaofuata.

Meneja, mtu wa maneno machache, anasema watu walimuuliza kwa nini asimfukuze fundi wake.

"Nikawaambia, wote tuliopitisha ukurasa ule hatukuona kitu. Aliyeona ni yeye, na akaja kusema mwenyewe. Nikimfukuza huyo nabaki na nani?"

Kiwandani, basi, mambo yakaisha. Kilichobaki ni nyumbani, na huko Milimita hakuwa jasiri. Kwa miezi minane hakumwambia dada yake.

Jumapili moja dada alikuja, akanawa mikono kwa muda mrefu, akasimulia wakiwa mezani. Wiki ile akina mama wawili walishikwa na uchungu kwa wakati mmoja. Mmoja alijifungulia kwenye korido, mkono wa dada ukiwa kwa mwingine, mlango wazi, yeye akimpigia kelele za maelekezo kutoka ndani. Mtoto alitoka salama. Mama alisubiri kushonwa kwa saa tatu.

"Akasema, hao watu wa ofisini hawanioni. Hawajui hata kama nipo," anakumbuka Milimita. "Mimi nimeshika kijiko. Mke wangu ananitazama. Nikainuka nikasema naenda kufunga geti. Geti lilikuwa limefungwa."

Anasema aliona haya, na pia aliogopa. Wazazi hawapo. Dada huyo ndiye ndugu pekee aliyebaki naye.

Mkewe alivumilia, halafu akakata kauli. Alimwambia kwamba ripoti ya mwaka huu haitatoka kabla dada hajaambiwa, na kama yeye hawezi kufungua mdomo, atafungua yeye. Wiki mbili zilizopita, Jumamosi asubuhi, Milimita alivaa shati la pasi, akachukua kitabu cha mwaka jana na prufu ya mwaka huu, akaenda zahanati namba moja.

Dada alikuwa kwenye sinki akisugua vifaa. Kaka alifungua ukurasa, akauweka juu ya meza ya dawa. Yanayofuata wanayasimulia wote wawili, na hawapingani hata kwa neno.

"Namba moja ndiyo mimi?" aliuliza dada, kidole chenye povu kikiwa juu ya nguzo fupi kuliko zote.

"Ndiyo wewe."

"Mimi mrefu wote huu! Nani kanifupisha namna hii?"

"Ni mimi, dada. Namba hazikuwa zimefika, nikaweka za kubuni. Halafu nikasahau kuziondoa."

Dada alilifunga bomba la maji. Wakati huohuo mama mmoja akaita kutoka wodini, halafu akaita tena, na sauti ya pili ilikuwa na haraka. Dada alifungua droo, akatoa daftari la uzazi na kalamu, akamsukumia kaka yake kifuani.

"Kaa pale mlangoni. Nitakachokutajia, andika. Usibuni."

Milimita aliandika hadi saa kumi na moja jioni. Watoto watatu walizaliwa. Aliandika saa, uzito, jinsia na majina ya akina mama. Katikati alichota maji, akashika taa, akamtafutia mume wa mtu simu yenye chaji. Anasema mara mbili alimwona dada yake ameegemea ukuta, macho yamefumba, kwa muda wa kunywa maji, kisha akaendelea.

"Nilikuwa najua arobaini na moja," anasema. "Niliiandika mwenyewe kwenye jedwali. Nilikuwa sijui kwamba ni vile."

Dada, akiongea na gazeti hili wakati wa mapumziko yake ya chai, ambayo hayakufika dakika sita, hakuwa na haja ya kupamba.

"Mwaka mzima namlaani mtu wa ofisini nisiyemjua," anasema. "Usiku nikiamshwa, namlaani. Kumbe kila nikipata Jumapili nakula naye, na ananiongezea mchuzi."

Anacheka, halafu anaacha kucheka. "Nilikasirika sana. Bado nina hasira. Siyo ya kosa, kosa mtu yeyote anakosea. Hasira yangu ni ile miezi minane. Angeniambia mapema, angalau ningejua kwamba nimepotezwa. Mimi nilidhani nimedharauliwa."

Siku hizi Milimita akitaka kujaribu ukurasa, chati yake ya kubuni huwa ya waridi kali inayoumiza macho, na juu yake imeandikwa UONGO kwa herufi zinazojaza nafasi yote. Wenzake humtania. Msoma prufu akipita humuuliza amebakisha chati ngapi za uongo leo. Yeye hujibu kwa namba, maana anazihesabu. Na chati za ripoti ya afya haziibandiki tena kama picha. Anaziunganisha na jedwali, anavumilia usumbufu wake, kisha anapima.

Asubuhi hii anamaliza nguzo ya kumi na mbili. Msoma prufu naye anachukua rula, anarudia kazi yote kuanzia mwanzo, huku akilalamika mgongo. Wanaweka saini mbili. Ukurasa unashuka chini kuchapwa, na kamati inakaa baada ya wiki tatu. Safari hii, inasemekana, kuna wakunga watatu wa kugawa. Nguzo ya namba moja, ile ya milimita tisini na mbili, ndiyo ndefu kuliko zote, na inayoifuata haifiki hata nusu yake.

Hilo halimhakikishii kitu, na anajua. Kamati inaweza kuahirisha, au wakunga wakawa wawili, au mmoja. Kwa hiyo amemwomba meneja ampe Jumamosi zote hadi mkunga wa pili aingie kazini, na meneja amekubali. Jumamosi hizo anazitumia mlangoni mwa wodi, na daftari. Amekwenda mara mbili sasa. Mapato yatapungua tena, na mkewe ameshapanga watakachoacha kununua.

Anapoulizwa kama dada yake amemsamehe, anakunja miwani na kuitia mfukoni.

"Nilimuuliza jioni ileile, tunafunga mlango. Akaniambia, kaka, kwa sasa sina nguvu hata ya kukusamehe. Niulize siku nikiwa nimelala vya kutosha."

Anainuka kwenda kuchukua kazi nyingine.

"Basi namtafutia usingizi," anasema. "Akishalala, nitamuuliza tena."